Dakika Mbili Mbele ya Kamera

Watu walimwita Nguzo, na jina hilo hakulipata kwa urefu wala kwa nguvu. Alikuwa mtu wa kimo cha kawaida, mwenye kitambi kilichoanza kuchungulia juu ya mkanda, na miwani aliyoifunga kwa uzi shingoni ili isimdondoke akiwa juu ya ngazi. Jina alilipata kwa kusimama.

Kazi yake ilikuwa kufunga kamera za ulinzi. Ujanani alipanda mapaa ya watu kuelekeza antena, baadaye akahamia kwenye nyaya za umeme, na kamera zilipoanza kupendwa akazifuata huko huko darini, kwenye vumbi alilolizoea. Mafundi wengine walifunga, wakawasha, wakapunga mkono mbele ya kamera. Mwenye mali akajiona kwenye skrini, akacheka, kazi ikaisha. Nguzo hakuwa hivyo. Aliamini kwamba kamera kurekodi si ajabu. Ajabu ni kamera inayojua kunyamaza.

Kwa maana wateja wengi hawakutaka tena kamera irekodi mfululizo, usiku na mchana, ikijaza diski kwa picha za kuta. Walitaka irekodi pale tu kitu kinapojongea: mlango ukifunguka, mtu akipita, mkono ukinyooshwa. Sasa kamera iliyopangwa vibaya kwa namna hiyo huwa kama mbwa mwoga. Jani likianguka inabweka, nondo akipita inabweka, na baada ya wiki moja mwenye nyumba ana vipande elfu vya kutazama, hatazami hata kimoja. Kwa hiyo Nguzo alikuwa na desturi yake. Akishamaliza kupanga, alimwacha mwenye mali mbele ya skrini, akaenda mwenyewe kusimama mbele ya kamera, mikono imening'inia ubavuni, akatulia dakika mbili nzima. Hakutikisa unywele. Alama nyekundu ya kurekodi, iliyokuwa imewaka alipoingia, ilizimika. Ndipo alipoinua kidole kimoja, kimoja tu, na alama ikawaka tena.

"Umeona?" alikuwa akisema akirudi. "Nikinyamaza inanyamaza. Nikiinua kidole inaniona. Nenda kalale usingizi wako."

Siku moja, kwenye gereji, mafundi wa magari walijaribu kumchekesha. Mmoja alicheza kama bata, mwingine akamtukania timu yake ya mpira. Nzi akatua puani mwake, akashuka hadi mdomoni, akakaa hapo kama aliyefika kwake. Nguzo kimya. "Jamani, huyu si mtu," mzee wa gereji akasema, "huyu ni nguzo," na tangu hapo jina likamganda. Yeye alijifanya kulichukia. Lakini nyumbani kwake hakukuwa na cheti hata kimoja ukutani, na moyoni aliujua utulivu ule kuwa ndio cheti chake.

Jumamosi moja, mchana kweupe, alikuwa kwenye duka la dawa. Mwenye duka alikuwa mfamasia, mama mtu mzima mwenye koti jeupe na ulimi usio na kona, ambaye mtaa mzima ulimwita Dokta ingawa alikwisha kuchoka kuwaeleza kwamba si daktari. Alikuwa amefunga duka mapema. Nyuma ya kaunta kulikuwa na stoo nyembamba, rafu kulia na kushoto, na juu ya rafu ya kulia zilikaa dawa kali za maumivu, kila boksi dogo kama kiberiti. Maboksi hayo yalikuwa yakipungua. Alipokwenda kutafuta kwenye kamera yake ya zamani, alikuta mashine imekwisha kufuta picha za wiki zilizopita ili kupata nafasi ya kuandika mpya, na zile mpya zilikuwa saa nenda saa rudi za rafu zilizosimama.

"Sitaki kumshuku mtu bure," alimwambia Nguzo. "Wanaoingia humu ni watatu, na wote wananiita mama. Nataka nikiona, nione kweli. Hata kama ni mkono tu umepita."

"Hata kama ni ukucha, Dokta."

"Usinidanganye kwa maneno matamu, Fundi. Wa kwanza naye alisema hivyo hivyo."

"Wa kwanza alikuwa fundi. Mimi ni Nguzo."

Mfamasia alicheka kwa pua, akaenda kuketi mbele ya skrini.

Nguzo alifunga kamera mpya kwenye kona ya dari. Kwenye menyu ya mashine, alichagua irekodi pakiwa na mwendo tu. Picha ya stoo ikagawanyika kuwa miraba midogo midogo kama daftari la hesabu, naye akachora eneo la kulindwa: rafu zote, sakafu, mlango. Akaiacha nje feni ya dirishani, kwa sababu mapanga yake yangeipigia kamera kelele siku nzima. Kisha akaja kwenye wepesi wa kuhisi, kile kipimo cha sifuri hadi mia ambacho huiambia kamera kitu kisogee kiasi gani ndipo iamke. Kwa ajili ya maboksi yale madogo, aliweka themanini. Mraba wowote utakaohisi mwendo ungegeuka mwekundu. Akaingia stoo, akasimama.

Dakika moja. Dakika mbili.

"Vipi?" aliuliza bila kugeuza shingo.

"Bado inarekodi," mfamasia alijibu kutoka ng'ambo ya mlango.

"Haiwezekani."

"Mimi nakuambia ninachokiona."

Nguzo akatoka, akatazama huku na huku. Taa. Ndiyo, taa ya mrija huwa inapepesa bila jicho la mtu kuona, na kamera inaona. Akaizima, akafungua dirisha, akasimama tena. Bado. Akapanda ngazi, akakifuta kioo cha kamera, maana buibui mmoja akipita mbele ya kioo huonekana mkubwa kama ng'ombe. Hakukuwa na buibui. Akaizima feni kabisa, ingawa alikuwa ameiacha nje ya eneo. Akasimama tena, jasho likimtoka. Bado. Akafungua mkoba, akatoa kamera nyingine kwenye boksi lake, akabadilisha. Mkono wake wa kulia ulizungusha bisibisi sawasawa, skrubu zikaingia kwenye matundu yake bila kukosea hata moja. Akashuka, akasimama mara ya nne. Alihesabu moyoni hadi mia na ishirini, polepole, kama mtu anayeomba.

"Sasa?"

"Fundi," mfamasia alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua, "hebu njoo utazame mwenyewe."

Nguzo aliketi, akavaa miwani, akarudisha nyuma kipande cha mwisho. Akamwona mtu ndani ya stoo, amesimama. Kwa mazoea hakumtazama mtu huyo. Alitazama pembeni, kwenye rafu, kwenye pazia la mlango, kwenye vivuli, akitafuta mwizi wa kazi yake. Miraba yote ilikuwa mitupu. Ni mitatu tu iliyokuwa myekundu, chini upande mmoja, ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima.

"Kuna kitu nyuma ya paja langu hapa," alisema. "Labda boksi lile linapigwa na upepo."

"Feni umezima."

"Basi panya."

Nguzo akasogeza uso karibu na kioo. Akakuza picha. Miraba mitatu ilikuwa imeukalia mkono wake wa kulia. Na mkono ule, mkono wa mtu aliyetulia kama nguzo, kidole gumba chake kilikuwa kikisugua ncha ya kidole cha shahada, mbele na nyuma, mbele na nyuma, taratibu na bila kuchoka, kana kwamba kinaviringisha kitonge kidogo cha udongo kisichoonekana.

Kuna mshtuko wa kuambiwa habari mbaya, na mtu huujua, kwa sababu kuna anayesema na anayesikia. Huu haukuwa huo. Ilikuwa kama kumkuta mtu mwingine amevaa shati lako, ameingia katika mwili wako, anafanya shughuli zake humo kimya kimya bila kukupigia hodi.

Akauinua mkono haraka, akauweka mbele ya macho. Ulikuwa umetulia kama jiwe.

"Unaona?" alisema, na furaha iliyompanda ilimtia aibu hata yeye mwenyewe. "Unaona, Dokta? Umetulia. Hii mashine ina wazimu."

"Ushushe."

"Nimeshakuonyesha..."

"Ushushe, baba. Ulaze hapo mapajani, usahau kama upo. Nihesabie watoto wako na umri wao."

Akahesabu. Wa kwanza ana ishirini na nne, wa pili ishirini, kitinda mimba... Hakuufikia umri wa kitinda mimba. Macho ya mfamasia yalikuwa yameteremka kwenye mapaja yake na kubaki hapo, na hakuhitaji kuambiwa yaliona nini.

"Mimi si daktari," mama yule alisema. Safari hii hakuwa akimrekebisha mtu. "Naweza kuwa nakosea. Inaweza kuwa dawa unayotumia, inaweza kuwa uchovu. Lakini mkono unaotikisika ukipumzika na kutulia ukifanya kazi, huo ni wa kupeleka hospitali. Si mwezi ujao."

Nguzo alisimama. Alishika kipanya, akafungua menyu, akashusha kile kipimo kutoka themanini hadi hamsini. Akaingia stoo, akasimama, akatoka. Alama ilikuwa imezimika. Hakuna mraba, hakuna wekundu, hakuna mkono.

"Tayari," alisema akikunja waya uliobaki. "Ilikuwa inahisi kupita kiasi."

Mfamasia akainuka, akaingia stoo mwenyewe. Alisimama karibu na rafu ya kulia, kama mtu anayesoma maandishi, mwili haujongei, akapeleka vidole viwili, akachomoa boksi moja, akalitia mfukoni mwa koti lake. Polepole, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka na asiye na hatia. Halafu akatulia hapo hapo, ukutani, na kumwita.

"Fundi! Imeniona?"

Nguzo alitazama skrini. Miraba ilikuwa mitupu. Ilimwona akiingia, kwa kipande cha sekunde chache, basi. Wizi wenyewe haukuwamo.

Mfamasia alirudi, akaliweka boksi mezani mbele yake. "Nimeiba," alisema. "Na wewe ndiye uliyenifungulia mlango."

Hakuna mteja aliyewahi kumwambia hivyo katika miaka yote ya kazi. Alitaka kusema kwamba hakukusudia. Lakini alikuwa amekusudia, na yeye na boksi lile walijua. Kwa ajili ya kuuficha mkono wake, alikuwa amemfumba macho mwanamke huyu kuhusu mikono yote.

Akarudisha themanini.

"Sasa mtu asimame," alisema kwa sauti ndogo. "Kazi haijaisha mpaka mtu asimame."

"Nitasimama mimi."

Mfamasia akasimama mahali pale pale alipokuwa amesimama yeye, mikono chini ya koti jeupe. Hakuwa hodari; alimeza mate, akapepesa. Lakini baada ya muda si mrefu alama ilizimika, na ikabaki imezimika, dakika nzima, dakika mbili. Stoo ilinyamaza kwenye skrini kama picha ya ukutani. Kamera haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa kamera nzuri kabisa, na imepangwa vizuri kabisa. Mafundi huwa wanafurahi kufika hapo. Nguzo alikaa akiitazama, akatamani ingekuwa mbovu.

Alifika kwake jua bado liko juu. Mkewe alikuwa ukumbini, miguu juu ya kigoda, anapunguza mkanda wa sketi ya shule ya binti yao. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini alipomwona mumewe anaingia bila kuvua viatu aliacha sindano ndani ya kitambaa.

"Mbona umekuja na uso kama umefukuzwa sokoni? Kazi imeharibika?"

"Mama watoto, nikuulize kitu. Usinizungushe."

"Uliza."

"Mkono wangu unatetemeka?"

Alitegemea angecheka. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko chake, amekingojea njia nzima kama mtu anayengojea kuamshwa kutoka ndoto mbaya. Mkewe hakucheka. Aliikunja sketi mara mbili, akaiweka kando, akailainisha.

"Nani kakwambia?" aliuliza.

Nguzo alishika mgongo wa kiti. "Nani kaniambia? Hujaniuliza mkono gani."

"Keti, baba."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Tulikuwa tumekaa hapo hapo, unatazama mpira. Timu yako inafungwa, nikadhani ni hasira." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Mechi ilipoisha ukalala kwenye kiti, mkono ukaacha wenyewe. Nikasema basi, ni hasira. Kesho yake hakukuwa na mpira, na ukaanza tena."

"Mwaka mzima."

"Mwaka na miezi."

"Mwaka mzima natembea mjini, napanda ngazi, nasimama mbele ya watu najidai, na wewe unajua!"

"Ndiyo hiyo ngazi!" Sasa naye sauti ilipanda. "Nikwambie nini? Nikwambie leo, kesho upande juu ya paa la mtu ukiutazama mkono badala ya kutazama pa kukanyaga? Ulikuwa unafanya kazi vizuri. Nilikuwa nakuchungulia, skrubu huangushi, waya hukosei. Nikasema ngoja, Mungu akipenda utaacha. Na hospitali nilikwambia. Nilikwambia twende tukapime macho, ukakataa. Nikakwambia twende ukapime presha, ukaniuliza presha ni ya watu wa kazi gani."

Alikumbuka. Na kadiri alivyokumbuka, mambo mengine yalianza kujipanga yenyewe, moja baada ya jingine, na kila moja lilimpiga upya. Kikombe cha chai kilichoanza kujazwa nusu, akadhani ni kubana sukari. Shati la vifungo vikubwa aliloletewa sikukuu. Na kubwa kuliko yote: jioni, kwenye kiti hiki, tangu mwaka jana, mkewe alikuwa ameanza kumshika mkono. Baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa! Aliuchukua ule wa kulia, akaufumbata mapajani mwake, wakatazama taarifa ya habari hivyo hadi mwisho. Nguzo alikuwa amejisifia kwa marafiki. "Nyie endeleeni kuzeeka," aliwaambia kule gereji, "mwenzenu napendwa upya kama bwana harusi."

"Kunishika mkono," alisema. "Jioni."

Mkewe aliinamisha macho. "Nikiushika unatulia. Watoto hawaoni."

"Kwa hiyo ilikuwa kuficha."

"Ilikuwa kuficha," mkewe alikubali. Halafu akamtazama usoni. "Na kukupenda pia, mjinga wewe. Mtu hawezi kushika mkono mwaka mzima kwa kuficha tu."

Alikaa chini hatimaye. Mkewe, kwa mazoea, alihamia kiti cha jirani na kupeleka mkono wake kuuchukua ule wa kulia. Nguzo akamzuia.

"Uache. Niuone."

"Ya nini?"

"Kila mtu kauona. Kamera imeuona. Mimi mwenyewe bado."

Aliulaza juu ya paja, kiganja kikitazama juu, na safari hii hakuuinua kuukagua. Aliungoja tu, macho yakiwa juu yake. Mwanzoni ulitulia, kwa ukaidi, kana kwamba wenyewe unaona haya. Halafu kidole gumba kikaondoka. Kikagusa cha shahada, kikarudi, kikagusa tena. Hakukuwa na maumivu, hakukuwa na kishindo. Alikiamuru moyoni kiache. Kiliacha kidogo, kikaendelea.

Alitazama kwa muda mrefu, na yule mtu aliyeweza kuvumilia nzi mdomoni alihisi machozi yakimjaa na hakuweza kuyazuia hata kidogo.

"Kumbe haunyamazi," alisema.

"Haunyamazi."

"Hata mara moja?"

"Ukishalala usingizi mzito. Hapo unanyamaza kabisa, mpaka alfajiri."

Nguzo aligeuka kumtazama. Kulijua hilo, mpaka alfajiri, lazima mtu awe macho. Akayaona ghafla makunyanzi chini ya macho ya mkewe, ambayo alikuwa ameyahesabu kuwa ya umri, na akashindwa kuuliza amekesha mara ngapi.

"Kesho twende," alisema.

"Kesho Jumapili, baba watoto. Hospitali utamkuta mlinzi tu."

"Basi Jumatatu. Asubuhi na mapema, kabla mtu hajanipigia simu ya kazi nikapata pa kukimbilia."

"Simu nitaishika mimi," mkewe alisema, akanyoosha kiganja. Nguzo akaitoa mfukoni, akampa.